Tusiuziwe Pikseli

Keti na yeyote anayeijua televisheni mjini Gisenyi, awe fundi wa madishi, mwenye duka la vifaa karibu na soko au kijana aliyetoka chuoni kusomea habari. Mazungumzo yakifika kwenye picha utasikia kauli ileile: stesheni zetu zimebaki nyuma, na dawa yake ni HD, picha ya ung'avu wa juu. Zihamishwe zote. Picha ya ung'avu wa kawaida, yaani SD, ifungwe kama analojia ilivyofungwa, na ambaye kifaa chake hakitapokea atanunua kingine. Nimeisikia kauli hii kwa watu ninaowaheshimu, tena wakiisema kwa nia njema kabisa. Naamini wamekosea, na kosa lao litalipwa na watu ambao hawajaulizwa.

Nianze kwa kuwatendea haki, maana hoja wanazo na si za kipuuzi. Wanasema televisheni zinazouzwa leo karibu zote zina kioo cha HD au zaidi, na picha ya SD ikitandazwa kwenye kioo cha inchi 50 inafifia na kingo zake zinatawanyika. Wanasema vijana wameihama televisheni kwa sababu simu zao zina picha kali kuliko stesheni za nyumbani. Wanasema mfanyabiashara mwenye hela za tangazo hatazipeleka kwenye picha hafifu. Wanasema vifaa vinashuka bei kila mwaka, kwa hiyo gharama ya leo ni mzigo wa muda tu. Na wanamalizia na fahari ya nchi: Rwanda ilizima analojia Kigali mwezi Julai 2013 na kwingineko mwaka uliofuata, mapema kuliko tarehe ya 17 Juni 2015 iliyowekwa na makubaliano ya Geneva ya 2006, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinasuasua. Nchi iliyotangulia wakati ule, wanasema, haina sababu ya kuchelewa sasa.

Nitazipitia hoja hizi, ingawa sitazipa zote nafasi sawa, kwa sababu uzito wake hauko sawa.

Kwanza: nukta nyingi, biti chache

Herufi mbili za HD zinaeleza idadi ya nukta, yaani pikseli, basi. Fremu ya SD ina nukta 720 kwa 576. HD kamili ina 1920 kwa 1080, nukta zaidi ya milioni mbili, mara tano ya SD. Ipo pia HD ndogo ya 1280 kwa 720. Muuzaji huishia hapo. Lakini hakuna stesheni duniani inayorusha nukta hizo zote kama zilivyo, kwa hiyo picha hubanwa kwanza. Mtambo wa kubana hulinganisha fremu moja na inayofuata, huacha kile ambacho hakikubadilika, hukadiria kilichosogea kimesogea wapi, kisha hutuma tofauti peke yake. Kinachobaki hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na kipimo hicho hakiandikwi kwenye boksi la televisheni. Picha ya nukta nyingi iliyopewa megabiti chache hutoka mbovu kuliko picha ya nukta chache iliyopewa megabiti za kuitosha.

Asiyeamini atazame kwa macho yake. Siku televisheni inaonyesha Intore, wachezaji wetu wa ngoma, wakicheza, asogee karibu na kioo atazame imigara, zile nywele ndefu za nyasi kavu vichwani mwao. Mchezaji akiwa ametulia, kila uzi unaonekana. Akitikisa kichwa, maelfu ya nyuzi yanasogea kila mmoja upande wake, mtambo unakosa cha kukadiria, biti zinaisha, na kichwa kizima kinageuka miraba ya rangi ya kahawia. Ngoma ikipumzika, nyuzi zinarudi. Maji nayo ni hivyohivyo. Ziwa Kivu likipigwa picha jioni kutoka ufukweni kwetu, kila wimbi linameta kivyake na hakuna hata moja linalofanana na lililotangulia, na hiyo ni miongoni mwa picha ngumu kabisa kuzibana. Tour du Rwanda nayo ikiingia mjini, baiskeli zimefungamana, mashabiki wamejipanga pande zote mbili za barabara, majani ya mikaratusi yanapeperuka nyuma yao, hakuna kitu ndani ya fremu kilichosimama. Hizi ndizo picha zetu. Mtangazaji aliyekaa studioni mbele ya ukuta wa rangi moja hutoka safi hata kwa megabiti chache, na uso wake ndio tunaoonyeshwa kila tunapoambiwa tuione HD.

Waingereza walilipitia jambo hili kwa chaneli tajiri kuliko zetu zote. Agosti 2009 chaneli ya BBC HD ya setilaiti ilipunguzwa kutoka megabiti 16 kwa sekunde hadi takriban 9.7, baada ya mitambo mipya ya kubana kufungwa. Shirika lilisisitiza kwamba mitambo hiyo inafanya kazi bora kwa biti chache. Watazamaji walisema wanaona tofauti, na malalamiko yao yaliendelea kwa miezi. Chaneli iliitwa HD kabla ya mabadiliko na ikaitwa HD baada yake. Jina halikuwasaidia kujua wanachopokea.

Marekani nao, baada ya stesheni zao kubwa kuzima analojia tarehe 12 Juni 2009, kila stesheni ilibaki na bomba moja la kama megabiti 19 kwa sekunde. Nyingi zikaanza kupachika chaneli ndogo za ziada humohumo ili zipate matangazo, na biti za chaneli kuu ya HD zikamegwa. Hii ndiyo kawaida ya biashara hii popote: nafasi ikipatikana, huuzwa.

Sasa tuilete hesabu nyumbani. Katika ukanda wetu masafa ya televisheni ya UHF yamegawanywa vipande vya megahezi 8. Teknolojia ya DVB-T2, ambayo nchi za Afrika Mashariki zimeichukua, inaweza kubeba kama megabiti 40 kwa sekunde katika kipande kimoja ikipangwa kwa uwezo wake mkubwa. Kwenye milima, ambako ishara inahitaji kinga zaidi dhidi ya makosa, uwezo huo unapungua. SD iliyobanwa kwa MPEG-4 inaishi vizuri kwa megabiti 2 hivi. HD ya kuridhisha, hasa ya mpira, inataka 8. Kipande kinachobeba chaneli 20 za SD kitabeba 5 za HD. Anayesema zihamishwe zote anatakiwa aseme ni chaneli zipi 15 zitatoka. Akikataa kuzitaja, basi amekubali zote zibanwe hadi megabiti mbili au tatu na kupachikwa jina la HD. Akikataa na hilo pia, inabaki kujenga mitambo zaidi na kutumia masafa zaidi, na atuonyeshe bajeti yake.

Mimi sina shaka njia itakayoshinda ni ya katikati, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo isiyoonekana. Mtazamaji ataona herufi HD kwenye pembe ya kioo, Intore watageuka miraba, naye ataambiwa tatizo ni televisheni yake, akanunue kubwa zaidi.

Pili: umbali wa kiti

Hapa sitakaa sana. Televisheni za maonyesho madukani hazionyeshi stesheni yoyote. Zimechomekwa flashi yenye filamu fupi inayojirudia: samaki wa rangi, maua yakichanua, jiji usiku. Faili hiyo ina megabiti nyingi kuliko stesheni yoyote inayorusha kutoka mnarani. Mteja anaambiwa, "Mzee, ona mwenyewe, hii ndiyo HD," naye anabeba kioo hicho nyumbani akitarajia habari za saa mbili usiku zitoke vilevile.

Nyumbani kuna jambo jingine. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha sentimita 40 hivi. Vipimo vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, vinaweka umbali wa kutazamia HD kamili kuwa kama mara tatu ya kimo cha picha, yaani mita moja na robo. Kwa SD ni mara sita au saba, mita mbili na nusu na kuendelea. Familia iliyokaa kwenye makochi mita tatu kutoka kwenye kabati la televisheni haiwezi kuzitenganisha nukta za ziada kwa jicho, hata zikifika zote salama. Mwenye kioo cha inchi 65 ana haki ya kulalamika, lakini sera ya nchi haiwezi kuandikwa kwa ajili yake, katika nchi ambayo redio bado imo katika nyumba nyingi kuliko televisheni.

Tatu: picha ambayo haikufika

Wilaya yetu ya Rubavu si tambarare. Mji uko kando ya ziwa na mlima Rubavu umesimama juu yake. Nyamyumba iko nyuma ya miinuko inayoshukia majini. Bugeshi na Busasamana ziko juu kuelekea kwenye volkeno. Mawimbi ya UHF hayapindi vizuri nyuma ya mlima, na kila bonde lina vivuli vyake ambavyo fundi wa antena anavijua nyumba kwa nyumba.

Analojia ilikuwa inafifia taratibu. Ukiwa mbali na mnara ulipata chenga, picha ilijirudia kivuli, lakini sauti uliisikia na uso wa anayesema uliutambua. Dijitali haina huruma hiyo. Ishara ikitosha, picha ni kamili. Ikishuka kidogo chini ya kiwango, picha inaganda, inavunjika miraba, sauti inakatika katikati ya neno, halafu kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanakuambia hakuna mawimbi. Wenye madishi wanajua kinachotokea mvua kubwa inapoanza, na mvua za huku tunazijua.

Watetezi wa HD hawalisemi jambo linalofuata, ingawa wahandisi miongoni mwao wanalijua fika. Megabiti nyingi katika kipande kilekile cha masafa hupatikana kwa kupunguza kinga ya ishara dhidi ya makosa. Ukiongeza megabiti kwa ajili ya HD bila kuongeza minara wala nguvu ya mitambo, unausogeza ukingo wa ishara karibu zaidi na mnara. Nyumba ya pembezoni iliyokuwa inapokea SD bila tatizo inaweza kuamka asubuhi haina chochote. Kwa nyumba hiyo, kuboresha picha kumemaanisha kuifuta.

Na huku kwetu kioo cheusi si usumbufu mdogo. Jioni ya 22 Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka. Lava ikateremka upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Gisenyi usiku uleule, na matetemeko yakaendelea kwa siku kadhaa yakipasua nyumba na barabara upande wetu. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule, hasa katika Mkoa wa Magharibi, yakaua watu zaidi ya 130. Januari 2025 vita vilifika Goma, makombora yakaanguka hata Rubavu na kuua raia. Siku kama hizo mtu anataka kujua barabara ipi imefungwa, mpaka uko wazi au la, ahame au abaki. Anataka sauti isiyokatika, ramani inayoonekana, na lugha anayoielewa. Sijasikia hata mara moja mtetezi wa HD akianza hoja yake na siku hizo, na mimi naona ndizo zingepaswa kuwa kipimo cha kwanza cha televisheni katika wilaya hii.

Nne: vijana wamekimbia nini?

Hoja hii ndiyo inayotajwa kwa uhakika zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Eti vijana wameihama televisheni kwa sababu ya ubora wa picha.

Waangalie vijana haohao wanatazama nini. Rwanda nzima inapenda agasobanuye: filamu za Marekani, India, Korea na Nigeria zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Nakala zimetoka kwenye diski zikaenda kwenye flashi, zikatoka kwenye flashi zikaenda kwenye simu, kila hatua zikibanwa upya. Kingo zimefifia, rangi zimepauka, na msimuliaji anaufunika muziki mzima. Hata hivyo watu wanazitafuta, wanazilipia, wanaujua mtindo wa kila msimuliaji. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana wasimuliaji wao wa vibandani kwa Kiluganda. Kote huko hadhira imejengwa juu ya picha ambayo hakuna mhandisi angeipitisha, kwa sababu mtu fulani alijitaabisha kusema na watu kwa lugha yao, akaweka vichekesho vya mtaani kwao katikati ya ufyatuaji wa risasi wa Hollywood.

Halafu kuna YouTube, inayotajwa kila mara kama ushahidi. Kaa na kijana pale Mbugangari, hapa Gisenyi, anapofungua video kwa bando aliyonunua asubuhi. Kabla haijaanza anaingia kwenye mpangilio na kuishusha hadi 360, au 240 akiona bando inakaribia kuisha. Anaikataa HD kwa kidole chake mwenyewe, kila siku, ili aweze kutazama hadi mwisho. Ndiye huyuhuyu anayesemekana ameikimbia stesheni kwa sababu haina HD.

Wanachokikimbia nadhani kiko wazi kwa yeyote aliyekaa jioni nzima mbele ya chaneli za bure: mikutano inayosomwa kama risala, vipindi vya maongezi ambamo watu wanne wanakubaliana kwa saa nzima, muziki uleule, na wilaya yetu inayoonekana pale tu mgeni mkubwa anapoitembelea. Mwanamke anayevuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri na beseni la nyanya, miongoni mwa maelfu kwa maelfu wanaopita pale, ana habari nyingi kuhusu bei, ushuru na usalama kuliko wageni wengi wa studio. Kamera ikienda kwake na kukaa naye hadi jioni, nitaitazama kwa SD, na wengi wataitazama.

HD ina gharama ya moja kwa moja upande huu. Kamera mpya, mitambo ya kuhariri, diski za kuhifadhia faili zilizovimba, na ada kubwa zaidi kwa anayebeba mawimbi, maana anayetumia biti nyingi hulipa zaidi. Stesheni ndogo haina kisima cha hela. Itakata kitu, na kitakachokatwa ni mwandishi wa huku, nauli ya kwenda Busasamana, na mtu wa sauti. Nasisitiza sauti. Kasoro inayonichosha katika habari zetu ni mahojiano yaliyorekodiwa kwa mikrofoni ya kwenye kamera, mita tatu kutoka kwa msemaji, upepo wa ziwani ukipiga ndani yake. Mtu anaeleza jinsi alivyopoteza nyumba na husikii jina la kijiji chake. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola kingeondoa aibu hiyo kwa sehemu ndogo ya bei ya lenzi moja, na hakuna kampeni hata moja ya kukidai.

Kuhusu matangazo ya biashara nitasema sentensi mbili. Mwenye hela hufuata macho ya watu, na agasobanuye imeonyesha macho yanafuata nini. Stesheni yenye vipindi visivyotazamwa haitaokolewa na nukta milioni mbili.

Tano: hesabu iliyofichwa

Tulipohamishwa kwenda dijitali tuliambiwa sababu ni ubora wa picha, na sababu hiyo ilikuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa. Mkutano wa dunia wa masafa wa 2007 uliruhusu mawimbi ya kati ya megahezi 790 na 862, yaliyokuwa ya televisheni, yatumiwe na simu katika ukanda wetu. Mkutano wa 2012 ukaongeza yale ya kuanzia 694. Masafa hayo ni mali ya thamani kubwa, na kuihamisha televisheni ndiko kulikoyafungua. Silalamikii simu kupata masafa. Nalalamika kwamba aliyelipia uhamisho ni mtazamaji, kwa kununua king'amuzi, huku akielezwa kwamba ananunua picha nzuri. Sasa anaombwa alipe mara ya pili kwa ahadi ileile.

Majirani zetu wametuachia mifano. Kenya, tarehe 14 Februari 2015, mamlaka ya mawasiliano ilizima mitambo ya analojia na vioo vya NTV, KTN, Citizen na QTV vikawa vyeusi hadi mapema Machi. Ugomvi ulihusu nani atamiliki mitambo ya kubeba mawimbi na nani atabebwa, na jambo hilo lilikuwa limefika hadi Mahakama ya Juu. Karibu wiki tatu mamilioni ya watu hawakuwa na chaneli walizozizoea, na ubora wa picha haukuwa suala. Tanzania, iliyozima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, iliona jambo jingine Agosti 2018: mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, iliamuru kampuni za televisheni za kulipia ziache kubeba chaneli za bure kwa sababu leseni zao hazikuruhusu. Aliyekuwa amenunua dishi akiamini amemaliza kila kitu alilazimika kutafuta king'amuzi cha pili ili aone chaneli za bure za nchi yake.

Watetezi wakisema dunia imehama, waseme pia dunia iliwalipa nini watu wake. Marekani ilitoa kuponi za dola 40, hadi mbili kwa kila nyumba, za kununulia kifaa cha kupokelea dijitali. Ufaransa, ilipohamishia chaneli zake za kitaifa za bure za mnarani kwenye HD tarehe 5 Aprili 2016, ilitoa euro 25 kwa nyumba zilizosamehewa ada ya televisheni, ili wazee na maskini wasiachwe kwenye kioo cheusi. Huku kwetu kauli ni kwamba "atanunua kingine."

Atanunua nini hasa? Kati ya ving'amuzi vilivyonunuliwa wakati wa kuhama, vipo visivyofungua HD. Vipya vinafungua, lakini nyumba nyingi bado zina televisheni ya chogo, na king'amuzi kinaiunganisha kwa waya wa vichwa vitatu, mwekundu, mweupe na wa njano. Waya huo haupitishi HD. Kifaa kinapokea nukta milioni mbili, kinazipunguza na kuzimwaga kwenye kioo cha zamani kama SD. Mwenye nyumba amelipia king'amuzi, stesheni imelipia biti, chaneli nyingine imetolewa ili kupisha nafasi, na picha aliyoipata ni ileile ya jana. Bei ya kifaa kushuka mwaka kesho haibadilishi chochote hapo, na ada ya kifurushi ya kila mwezi haijawahi kuahidiwa kushuka na mtu yeyote.

Ada hiyo ndiyo mlango wa HD iliyopo tayari. Michezo mikubwa yenye picha nzuri iko upande wa kulipia. Mwaka 2018 jina la Rwanda liliingia kwenye mikono ya jezi za klabu ya Arsenal, na mwananchi aliyetaka kuliona likicheza Jumamosi alitafuta kifurushi, au aliketi kwenye kibanda cha mpira na kulipa kiingilio. Kuhamishia chaneli za bure kwenye HD hakutampa mwananchi mechi kama hiyo, kwa sababu haki za kuionyesha ziliuzwa kwingine.

Kuna hasara moja ya mwisho, na kwangu ndiyo inayouma zaidi. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Hapa Gisenyi hakikusubiri sheria; ndicho cha soko, cha mpaka, cha magari ya kwenda Goma. Chaneli ya bure ya Kiswahili ya watu wa ukanda huu wa ziwa, inayosema bei za leo, hali ya mpaka na tahadhari za volkeno kwa pande zote mbili, ingetosha ndani ya megabiti mbili. Tukiamua kila chaneli iliyopo ichukue nane, nafasi ya chaneli hiyo tumeitumia kabla haijazaliwa.

Watajibu kwamba nikisikilizwa tutaachwa nyuma. Ufaransa ilianza televisheni ya dijitali ya mnarani tarehe 31 Machi 2005 na ikafunga SD baada ya miaka 11, HD na SD zikirushwa pamoja kwa miaka mingi katikati. Haraka tunayohimizwa haikuwa yao. Kwa hiyo naitaka RURA, mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, ifanye mambo haya kabla ya uamuzi wowote: itangaze kila chaneli inapewa megabiti ngapi, ili herufi HD zisiweze kubandikwa juu ya megabiti mbili, iweke kiwango cha chini cha sauti katika vipindi vya bure, iseme nani atabeba gharama ya vifaa vya nyumba zisizo na uwezo, na itume watu wenye vipimo tarafa kwa tarafa, Nyamyumba, Bugeshi, Busasamana, Kanama, Nyundo, wapime ishara kwenye antena ya kawaida juu ya paa la kawaida, siku ya mvua. Orodha ya nyumba ambazo leo hazipati hata SD ibandikwe ofisi ya kila tarafa, na isomwe hewani.